Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa klabu yetu: kocha kaenda, na wewe uko wapi?

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Salamu kwako na kwa nyumba yako. Mimi mzima, ila tangu Jumanne usiku usingizi umenikataa.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu marehemu baba yangu alikuwa askari na mimi nilikulia kambini Jinja, hapa Uganda. Kule Kiswahili kilikuwa lugha ya gwaride, ya matusi na ya mpira, na nikikasirika hutangulia chenyewe. Kwa Kiingereza nimekwisha kukuandikia mara mbili. Barua zote mbili zilipigwa mhuri pale ofisini kwako, nikaambiwa nisubiri. Labda kosa lilikuwa lugha.

Jumanne saa nne usiku mlitutumia taarifa ya mistari minne. Kocha ameondoka kwa makubaliano ya pande zote mbili. Ahsanteni. Mistari miwili kati ya hiyo minne ilikuwa ya kuwashukuru wadhamini. Sasa naomba kuuliza, kwa heshima zote: hayo makubaliano yalifanyika saa ngapi? Jumamosi kocha alikuwa pembeni mwa uwanja akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Jumatatu alikuwa mazoezini. Najua, kwa sababu kibanda changu cha chapati kiko hatua chache kutoka langoni, na alipita kama kawaida yake: rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, mayai mawili, bila nyanya. Akaniambia niandike, atalipa Ijumaa. Mtu aliyekwisha kukubaliana kuondoka haongei habari za Ijumaa.

Ndiyo, Mheshimiwa. Kocha wa timu ya Ligi Kuu alikuwa akila kwa daftari. Deni lake limefika shilingi 47,500, na simdai. Ukitaka kujua hali ya klabu yako, wacha hesabu unazoletewa mezani, njoo usome daftari langu. Mishahara ikitoka, vijana hulipa siku hiyohiyo, tena wengine huniachia chenji. Isipotoka, kurasa zinajaa. Mara ya mwisho kufuta majina mengi kwa siku moja ilikuwa kabla ya Krismasi. Unga umepanda, mafuta yamepanda, mke wangu ananiuliza kama nimeoa yeye au nimeoa timu, na mimi bado naendelea kuandika. Wadhamini mnawashukuru kwa majina. Mimi ninayewalisha mabeki wenu wa kati sijawahi kutajwa.

Kabla msimu haujaanza ulisimama juu ya pikapu pale nje ya lango, megafoni mkononi, ukatuahidi. Nakukumbusha tu, usidhani natukana. Ulisema ndani ya misimu miwili tutacheza Afrika. Ulisema basi jipya. Ulisema kila atakayelipia uanachama ataletewa kadi na atapiga kura. Nililipa shilingi 20,000 siku ileile, nikapewa kipande cha karatasi. Kadi mpaka leo sijaiona. Kuhusu basi, waulize vijana waliolala msituni Mabira tulipokuwa tunarudi kutoka Mbale, koasta ya kukodi imekufa saa tano usiku na dereva hana hata tochi. Mimi nilikuwa kwenye koasta ya mashabiki nyuma yao. Tuliwapa maji yetu. Straika wetu wa mechi ya kesho kutwa alikuwa amekaa kando ya barabara juu ya begi la mipira, malori ya kutoka mpakani Malaba yakimpita puani. Kesho yake sikufungua kibanda.

Tafadhali usituambie kwamba makocha huondoka kila mahali. Tunajua. Micho, kocha wa timu yetu ya taifa, alituvusha kwenda AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2017 baada ya miaka 39 bila kushiriki, na mwaka huohuo akaondoka akidai malimbikizo ya mshahara. Klabu ya Vipers ya hapa kwetu waliing'oa TP Mazembe ya Kongo kwa penalti kulekule Lubumbashi, wakaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na Januari 2023 kocha wao Robertinho akaenda zake Simba ya Tanzania. Mwezi uliofuata akarudi Kitende, nyumbani kwa Vipers, na Simba yake, akawafunga 1-0. Akawarudia tena Dar es Salaam, na Vipers wakamaliza mkiani mwa kundi. Iliwauma, na hata sisi tusiowapenda ilituuma. Lakini Vipers walinyang'anywa kocha wakiwa wamefika mahali pa kunyang'anywa. Sisi wa nafasi ya tisa tumenyang'anywa na nani?

Mjini watu wanasema mengi. Wapo wanaosema ugomvi ulianza pale mlipomuuza winga wetu bila kocha kuambiwa. Wapo wanaosema kuna mkubwa anayepiga simu asubuhi ya mechi kutaja nani aanze. Sijui, sikuwepo. Mimi nina daftari tu, na daftari linasema njaa. Ila hata njaa tungeivumilia kama tungejua tunaivumilia kwa ajili ya nini. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko kocha mwenyewe. Je, ofisini kwako kuna mtu anayetaka ubingwa? Au mpango ni kutoshuka daraja, kuuza kijana mmoja kila mwaka, na kupiga picha na wadhamini?

Maana hatuombi miujiza. Mwaka 1991 klabu ya Villa ya hapa kwetu walifika fainali ya klabu bingwa Afrika, na wachezaji wa wakati huo hawakuwa na viatu bora kuliko hivi vyetu. Mwaka 2018 klabu ya KCCA ya Kampala waliwapiga Al Ahly 2-0 nyumbani. Al Ahly hawa hawa wa Cairo! Kocha wao Mike Mutebi alikuwa ameachiwa vijana wake awalee kwa miaka, akifungwa wanamvumilia, anarudi kazini. Sisi kocha wa nne huyu tangu uingie madarakani. Kila mmoja anakuja na mfumo wake, vijana wanaanza upya, na baada ya miezi minane tunasoma mistari minne. Na mwaka 2027 AFCON inakuja hapa kwetu Uganda, pamoja na Kenya na Tanzania. Dunia nzima itakuja kutazama mpira wetu, na klabu yetu inamtafuta kocha wa muda.

Nilianza barua hii nikiwa na madai saba. Mke wangu amesoma, akasema mkubwa kama wewe Mwenyekiti hatamaliza kusoma hata la pili. Basi nimeyafuta. Lile basi jipya baki nalo, hata kadi yangu baki nayo kwa sasa. Nabaki na ombi moja: njoo uwanjani Jumamosi, usimame mbele ya jukwaa letu, utuambie kwa mdomo wako kwa nini kocha ameondoka na mnataka nini na timu hii. Usimtume katibu. Usitume taarifa. Njoo wewe. Megafoni ninayo, ni ileile uliyoisahau kwenye pikapu.

Mechi ni saa kumi. Mimi nitakuwa langoni kuanzia saa mbili asubuhi, kwenye sigiri yangu. Njoo.

Wako mtiifu, kwa mara ya mwisho,
Mwanachama asiye na kadi