Barua kwa mwanangu: mota imekaza lakini haizunguki

Mwanangu,

Marahaba. Picha tano ulizotuma jana usiku nimezitazama kwenye simu mpaka macho yakauma, asubuhi nikamwomba mdogo wako anifungulie kwenye laptopu. Mashine yako ya CNC, ya kuchonga mbao kwa amri za laptopu, imekaa vizuri, reli zimenyooka. Ila fremu ya mninga! Mbao ya kitanda cha bwana harusi umeifanyia kazi ya mkaratusi. Haya, mfuko ni wako.

Umesema mota ya mhimili wa X ukiipa umeme inakaza, huwezi kuzungusha shafti kwa mkono, lakini ukiiamrisha kutoka kwenye laptopu haisogei hata kidogo. Ikikaza ujue upande wa nguvu ni mzima: volti 24 zinafika na koili zinapata umeme. Kinachokosekana ni palsi, yaani vile vipigo vifupi vya umeme vinavyoiambia mota ipige hatua. Angalia picha yako ya tatu. Waya wa PUL- (wa palsi) na wa DIR- (wa mwelekeo) umezifunga kwenye GND ya draiva, kile kisanduku kinachoisukuma mota, pale pale inapoingia hasi ya sapulai. Umeona GND imeandikwa kwenye draiva na imeandikwa kwenye Arduino, ile bodi ndogo inayopokea amri za laptopu, ukadhani ni ndugu.

Ndani ya TB6600, yaani hiyo draiva yako, kila mlango wa palsi una kitaa kidogo na jicho linalokitazama. Arduino inawasha kitaa, jicho linaona, ndipo upande wa nguvu unasukuma mota hatua moja. Pande hizo mbili hazigusani kwa waya, na zimeachanishwa makusudi ili kelele za mota zisirudi kwenye bodi. Sasa kitaa kile kinakula umeme wa Arduino, kwa hiyo utoke Arduino na urudi Arduino. Wewe umeutoa pini ya 2 ukaurudisha kwa jirani, na laptopu yako ilikuwa inatumia betri, hakuna njia ya kurudi popote. Kitaa hakijawahi kuwaka hata mara moja.

Kwa hiyo PUL- na DIR- za draiva zote tatu zikusanye, uzipeleke GND ya Arduino. PUL+ ya X iende pini 2, ya Y pini 3, ya Z pini 4. DIR+ nazo ziende 5, 6 na 7 kwa mpangilio huohuo. Ndivyo Grbl, programu iliyo ndani ya Arduino, inavyozitarajia. ENA, milango ya kuzimia draiva, ziache tupu, draiva itabaki hai yenyewe.

Kuhusu ile draiva ya kwanza iliyotoa harufu, uliniandikia kwamba muuzaji alikupa mbovu. Kisha kwenye mstari wa chini, kama vile hujali, ukaandika kwamba ulikuwa unachomoa waya wa mota na kuchomeka tena ili uone kama unashika. Umeme ukiwa umewashwa? Usinijibu, najua. Koili ikikatwa ghafla inarusha volti kubwa kuliko draiva inavyoweza kustahimili. Mimi nilifanya hivyohivyo na draiva yangu ya kwanza, nikairudisha dukani kwa ukali, wakanibadilishia bila maneno mengi. Nilikuja kuelewa baadaye sana. Mpaka leo nikipita mtaa ule huvuka nikatembea upande wa pili.

Basi zima sapulai, subiri taa ya draiva ife kabisa, maana kapasita zinashikilia umeme kidogo, halafu ndipo uguse.

Mota ya Z naona hujaifunga kwa sababu rangi za waya hazifanani na zile mbili. Usiziamini rangi, kila kiwanda kina zake. Mota ikiwa haijaungwa popote, shika shafti kwa vidole uizungushe uone ulaini wake. Kisha menya ncha za nyaya mbili, zisokote pamoja, zungusha tena. Ukisikia imekuwa nzito, inakwenda kwa kukwamakwama kama roda ya kisima yenye kutu, hizo mbili ni koili moja: zipeleke A+ na A- za draiva. Ikibaki laini, badilisha waya mmoja ujaribu tena. Mbili zinazobaki ni B+ na B-. Mita nayo itakuonyesha, omu chache tu kwenye koili moja na hakuna kitu kati ya koili na koili, ila mimi napenda vidole. Ukichanganya koili mota haitazunguka, itatetemeka na kunguruma pale ilipo. Ikizunguka kinyume hilo si kosa, zima umeme, geuza A+ na A-, basi.

Swichi ndogo za pembeni fuata jedwali lililochapwa kwenye mgongo wa draiva. Mota zako zimeandikwa ampea 1.5, weka hapo hapo, usiongeze ukidhani utapata nguvu. Hatua weka 1/8, yaani kila hatua igawanywe mara nane. Mota ina hatua 200 kwa mzunguko, mara 8 ni palsi 1600, na skrubu yako inasogea milimita 8 kwa mzunguko, kwa hiyo kila milimita ni palsi 200. Kwenye mipangilio ya Grbl andika $100=200 kwa X, na $101=200 na $102=200 kwa Y na Z. Iamrishe isogee milimita 50, upime kwa rula ya chuma. Ikisogea 25 au 100, rudi kwenye swichi, hukuzipanga ulivyodhani.

Anza na X peke yake. Draiva nyingine mbili zikae mezani mpaka X iende na kurudi mara kumi bila kusita. Nyaya za mota usizifunge kifungu kimoja na za swichi za mwisho, zile zinazoizuia mashine ikifika ukingoni, utakuja kulia siku utakapowasha spindo, ile mota ya kisu, na mashine ikajisimamia katikati ya kazi.

Mama yako anasema kibao cha genge lake umeahidi tangu Pasaka. Vipimo ni sentimita 60 kwa 20, na anataka herufi za kuzama, zisiwe za kuinuka, kwa sababu ya vumbi.

Kabla hujawasha kesho, nitumie picha ya upande wa pini. Nitakuwa macho kuanzia saa kumi na moja.

Baba yako