Salamu za Pasaka kutoka kwa mwalimu wenu

Wapendwa, Tumsifu Yesu Kristo!

Kristo amefufuka, amefufuka kweli kweli, aleluya. Kwa furaha ya siku hii takatifu nawasalimu ninyi nyote: wanajumuiya wenzangu, akina mama wa WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki, wazee wenzangu wa benchi la mbele, vijana niliowafundisha komunyo ya kwanza ambao leo mnanitumia picha za watoto wenu, na wanetu mlio mbali mnaosali Pasaka katika lugha za watu. Nawatakia afya njema, amani ya nyumba, riziki ya halali na baraka tele za Bwana Mfufuka.

Salamu hizi nimeziandika kila mwaka tangu nilipoacha kazi ya ukatekista. Ikifika Jumamosi Kuu mchana bila neno langu, simu zinaanza: "Mwalimu, mbona kimya?" Mwaka huu nilikusudia kukaa kimya. Mnajua kwa nini. Wengi wenu mlikuwa uani kwangu juma la pili la Kwaresima, mkipokezana kuni na masufuria. Maneno ya Jumatano ya Majivu, kwamba u mavumbi wewe, yalikuwa hayajatoka masikioni, tukayasikia tena kaburini kwa mama wa watoto wangu.

Na mwaka ulikuwa mgumu hata kabla ya msiba. Mafuta ya kula tunanunua ya kupima. Sukari inafungwa kwenye vifuko vya robo. Mama anayeuza vitumbua pale njia panda hakupandisha bei, amepunguza kitumbua, na kila mnunuzi anaona na hakuna anayesema neno. Leo asubuhi kanisani nimeona watoto wengi wamevaa nguo za Noeli zilizopigwa pasi vizuri. Ni nyumba ngapi zimepika pilau kwa nyama ya kukopa, sitauliza.

Kilichonirudisha kwenye karatasi ni barua ya mtu mwingine. Tangu zamani askofu wa Aleksandria, kule Misri, aliwaandikia makanisa barua za Pasaka, kutangaza tarehe ya sikukuu na kuwausia waamini. Mojawapo, ya Mtakatifu Atanasi ya mwaka 367, ndiyo iliyotaja vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyo navyo leo. Lakini niliyoisoma majuma haya ni ya zamani zaidi, ya Dionisi, miaka ya 260 hivi, tauni ilipokuwa ikimaliza watu mjini mwake. Anaanza kwa kukiri kwamba wakati huo haufanani na sikukuu hata kidogo. Mji mzima ni kilio, anasema, na hakuna nyumba isiyo na maiti. Kisha anasimulia walivyofanya ndugu zake. Wengine mjini waliwatupa wagonjwa wao njiani kabla hawajakata roho. Wakristo waliingia ndani walimo wagonjwa, wakawauguza, wakawafumba macho na vinywa, wakawabeba mabegani, wakawaosha na kuwavika sanda. Na baada ya siku chache wao nao wakafanyiwa hayo hayo, kwa kuwa ugonjwa uliwashika. Mapadre, mashemasi na walei wakafa hivyo.

Nilipofika kwenye neno la kuosha nilifunga kitabu.

Ninalotaka kusema sasa sijawahi kulisema mbele ya watu. Miaka ile nilipokuwa mwenyekiti wa jumuiya nilikuwa na daftari la michango, na baada ya rozari nilisoma kwa sauti majina ya wanaodaiwa. Niliona ni uaminifu wa kazi. Kulikuwa na mama mmoja anayefulia watu nguo, mjane. Jina lake nililisoma majuma matatu mfululizo. Juma la nne hakuja, wala la tano, na sikwenda kumuuliza. Siku ya msiba wangu, wanawake walipoitwa ndani, yeye ndiye aliyetangulia. Akakunja mikono ya gauni, akaomba beseni na maji ya uvuguvugu. Alimwosha mke wangu kama mtu anayemwosha dada yake.

Baada ya matanga nilimfuata kwake kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Mwalimu, mama alikuwa akinipitia." Nilijua mke wangu alifunga Jumatano na Ijumaa, mwaka mzima, si Kwaresima peke yake. Miaka yote tuliyokaa pamoja sikuwahi kuuliza chakula chake cha siku hizo kilikwenda wapi.

Na mimi ndiye niliyewafundisha ninyi habari za mfungo! Wapo mnaokumbuka. Niliwaambia kwamba Didake, andiko la tangu siku za mwanzo kabisa za Kanisa, linaagiza kufunga Jumatano na Ijumaa, na kusali Baba Yetu mara tatu kwa siku. Mlijibu mtihani mkapata alama. Sikuwaambia kwa mkazo upande wa pili, na hilo ndilo kosa ninalotaka kulirekebisha leo. Herma, mwamini wa Roma wa karne ya 2, aliandika kwamba siku ya kufunga ule mkate na maji tu, kisha upige hesabu ya chakula ambacho ungekula, na thamani yake umpe mjane, au yatima, au mhitaji. Hesabu kamili. Naye Aristide, mwanafalsafa wa Athens aliyewatetea Wakristo mbele ya kaisari, alisema kwamba kama kati yao yuko maskini na wao hawana akiba, hufunga siku mbili tatu ili apate chakula. Mnaona? Mfungo wao ulikuwa na mlango wa kutokea. Njaa ya mmoja ilikuwa shibe ya mwingine, siku hiyo hiyo, mtaa huo huo. Sisi tunafunga, jioni tunafuturu kwa uji mzito na maandazi, na jirani analala na njaa yake ile ile. Ndugu zangu, hapo tumebadilisha saa ya kula tu.

Tazameni pia walivyochangishana. Tertuliani, mwandishi Mkristo wa Karthago, Afrika ya Kaskazini, yapata mwaka 197, anaeleza kwamba walikuwa na kisanduku chao, na kila mmoja alitia sarafu mara moja kwa mwezi, akitaka na akiweza, bila mtu kulazimishwa. Fedha hizo hazikwenda kwenye karamu. Zililisha na kuzika maskini, zikatunza watoto wasio na wazazi na mali, wazee wasioweza tena kutoka nyumbani, waliovunjikiwa na merikebu, na walioteswa migodini, visiwani na gerezani kwa ajili ya imani. Yustino Mfiadini, aliyeandika Roma yapata mwaka 155, anasema vivyo hivyo juu ya Dominika: wanasoma maandiko, wanahubiriwa, wanasimama kusali, wanashiriki mkate na kikombe, na mashemasi wanawapelekea wasiokuwepo. Kisha wenye nacho wanatoa, kila mtu kama apendavyo, na msimamizi anawasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Asiyekuwepo alipelekewa. Kwetu asiyekuwepo anasomwa jina.

Kanisa lina gharama, najua, paa halijiezeki, na mapadre wetu hawaishi kwa hewa. Toeni zaka, tena toeni kwa moyo. Lakini tusifike mahali nyumba yenye maiti inaulizwa stakabadhi kabla ya sala. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika mkutano wao wa Nairobi mwaka 1976, zilikusudiwa zifanane na kanisa lililokuwa nyumbani mwa Priska na Akila, nyumbani mwa Nimfa, nyumbani mwa Filemoni. Nyumba zenye mikeka na sufuria. Matendo ya Mitume yanasema walimega mkate nyumba kwa nyumba, wakashiriki chakula chao kwa furaha na kwa moyo mweupe. Moyo mweupe hausomi daftari mbele ya mjane.

Wako watakaosema nyakati zile zilikuwa nyepesi. Yapata mwaka 112, Plinio, gavana wa Bitinia, alimwandikia Kaisari Trajan kwamba Wakristo hukutana kabla ya mapambazuko siku maalumu, humwimbia Kristo kama Mungu, na huapa kutoiba wala kuvunja ahadi. Ili ajue zaidi, aliwatesa wanawake wawili watumwa waliokuwa wahudumu wa kanisa. Majina yao hakuyaandika. Mimi huwafikiria kila ninapoona wanawake wetu wanaamka saa kumi alfajiri kuchota maji ya msiba.

Basi nawaomba, wapendwa. Hizi siku hamsini hadi Pentekoste ni za furaha. Tertuliani anasema hawakufunga wala kupiga magoti ndani yake. Kwa hiyo kuleni, lakini msile peke yenu. Mwenye sahani mbili apeleke moja, mwenye moja agawe nusu, tena apeleke mwenyewe kwa miguu, asitume mtoto. Baada ya Pentekoste anzeni Jumatano na Ijumaa, anayeweza, asiyeumwa, asiyenyonyesha. Pigeni hesabu ya chakula hicho kabla jua halijazama, na kabla ya kulala iwe imeshafika kwa mtu mnayemjua jina. Baba Yetu mara tatu: dereva wa bodaboda anaisali akisubiri abiria, mama anaisali akipepea jiko, mwanafunzi kabla kengele haijalia. Wagonjwa msiwatembelee kwa ujumbe wa simu. Na ninyi viongozi mliopokea daftari kutoka mikononi mwangu, jina la mtu aliyeacha kuja msilisome, liendeeni.

Alhamisi baada ya Dominika ya Huruma ya Mungu, saa kumi na moja jioni, jumuiya itasalia kwangu. Mwenzangu hayupo, hivyo sitapika mengi: ugali, maharage, na mchicha wa bustani yake, ambao bado unachipua bila mtu kuupalilia. Kila nyumba ije na sahani moja tupu ya ziada, tuijaze, nayo iende kwa asiyeweza kufika. Mama yule amekubali kuongoza rozari.

Heri ya Pasaka kwenu nyote na familia zenu. Mungu awazidishie pale palipopungua, awafariji waliofiwa, awape wagonjwa nafuu na marehemu wetu raha ya milele. Aleluya, aleluya.

Ni mimi, mwalimu wenu.