Usiitengeneze ile ampu

Ujiji, Kigoma
Jumapili, baada ya Alasiri

Baba Mapacha,

Asalaam aleikum. Huku tu wazima, ila mama watoto bado anapigana na mafua, na dagaa wamepanda bei kwa sababu ya mbalamwezi. Picha zako tatu nimezipata, pamoja na ule ujumbe wa sauti ulioutuma ukiwa stoo, panya wakikimbizana nyuma yako. Umeuliza kama ile ampu ya marehemu mzee, kikuza sauti cha gitaa, uipeleke kwa fundi wa hapo Tabora au uwape wanunuzi wa chuma chakavu. Usifanye lolote kati ya hayo. Na ukiniletea mimi sitaitengeneza vilevile. Najua utasema fundi gani huyu. Ningekupigia simu, lakini nakujua, ungeangua kicheko kabla sijafika popote. Kwa hiyo soma.

Unasema ikishapata moto inakwaruza kama mtu anayekoroma. Hiyo sauti nimeanza kuhangaika nayo tangu nina miaka kumi na tatu. Mjomba alikuwa kuli pale bandarini, na meli ya Liemba ikirudi kutoka Mpulungu, Zambia, hakosi kitu mkononi: sukari, kitenge, siku moja kaseti. Ilikuwa nakala ya nakala, imeandikwa neno moja kwa kalamu ya wino, WITCH. Nikaitia kwenye redio, gitaa likaanza kulia kama nyigu ndani ya kopo. Nikajua tu hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, ni chafu. Nikachukua pamba na spiriti, nikasafisha, nikarudisha. Nyigu yuleyule. Nikasafisha tena. Mara ya tatu mjomba akanishika mkono, akasema, "Wewe, Wazambia ndivyo wanavyotaka." Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kuwa hao walikuwa vijana wa miji ya migodi ya shaba waliopiga roki miaka ya 1970, na kwamba jina lao ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tumekusudia kuzua vurugu". Kwangu waliizua kweli, maana nilikaribia kuilowesha redio ya watu kwa spiriti.

Sasa fikiria. Mtu huyohuyo akaja kuwa fundi, na kazi yake ya kila siku ni kuondoa kukwaruza, kuunguruma na mluzi. Nimekula kwa mikwaruzo ya watu zaidi ya miaka ishirini.

Mwaka juzi kijana mmoja mpiga solo wa bendi ya hapa Mwanga akaniachia ampu yake nimbadilishie swichi. Nikaikagua, nikaona koni ya spika imechanika kama sentimita nne. Nikamwonea huruma. Nikaweka kipande cha karatasi laini na gundi ya mafundi viatu, nikakipaka vizuri hata usingejua palikuwa na mpasuko, na sikumtoza hata senti. Akaja, akachomeka gitaa, akapiga noti mbili. Akaniangalia kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba. "Fundi, umeniulia sauti."

Mpasuko ule alikuwa ameuweka yeye mwenyewe kwa wembe! Nilitaka kumfukuza. Akatoa simu, akaketi juu ya kreti la soda, akanisomesha mimi, mzee wake, mpaka adhana ya Magharibi. Kumbe alikuwa amemwiga Mwingereza mmoja, Dave Davies wa bendi ya The Kinks, aliyechanachana koni ya ampu yake ndogo kwa wembe, na mngurumo uliotoka ndio wakarekodia wimbo wao uliovuma mwaka 1964. Kabla yao, kule Nashville, Marekani, mtambo wa studio uliharibika upande mmoja wakati wanarekodi wimbo wa Marty Robbins, gitaa la besi likatoka linanguruma. Wenyewe wakauacha ubovu ule ndani ya wimbo. Baadaye fundi wao akauigiza kwa kisanduku kidogo cha transista, Maestro Fuzz-Tone, kikaingia madukani mwaka 1962. Yaani kuna fundi mwenzangu aliyekaa mezani akatengeneza ubovu kwa makusudi, watu wakaununua.

Hapo kiburi changu kilianza kulegea, lakini bado nilikuwa nasikia kelele tu. Kilichonifungua ni kitu ambacho sisi mafundi tunakijua siku zote, ila hatujawahi kukitazama kwa upande wa mpigaji. Ampu ikipewa mzigo kuliko uwezo wake, kilele cha kila wimbi la sauti kinagonga dari na kuwa bapa. Sauti haiwezi kupanda zaidi, kwa hiyo noti ilipoanza kwa nguvu na pale inapokaribia kufa zinasikika karibu sawa. Maana yake noti haifi haraka. Gitaa la umeme likiwa safi, unagusa uzi, noti inalia, inazimika. Likiwa linakwaruza, noti inakaa pale inakungoja.

Ndiyo maana sisi tuliolelewa na muziki wa dansi roki ilitupita. Masikio yetu tulifunzwa na mzee wako, kwenye ile santuri pembeni ya kitanda, Tabora Jazz, Nyanyembe, na Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz. Gitaa la Mbaraka ni safi kama maji ya mtungini. Noti zake fupi, zinazimika mara tu, kwa hiyo inabidi afume: hii inaanguka, ile imeshafika, na chemko likishika moto anazunguka palepale, anabadilisha hiki kidogo na kile kidogo, wachezaji wasikose mguu. Naye anabuni papo hapo, usidhani hapana. Lakini anabuni akikimbia.

Mpiga roki amepewa noti isiyokufa. Anaweza kuishika, akafikiri. Anausukuma uzi kwa kidole mpaka noti ipande taratibu, isifike, irudi, kama msoma kaswida wetu anapoikokota silabi moja mpaka unasahau alikuwa anasema nini. Ukisikiliza kwa sikio la dansi unaona mtu kasimama hafanyi kazi. Kumbe hapo ndipo anapoamua aende wapi.

Nikusimulie ya harusi. Ukumbi mmoja pale Mwanga, mimi niko kwenye mikisa, ule mtambo wa kuchanganyia sauti, kijana yuko jukwaani na bendi. Msafara wa bibi harusi umekwama Gungu, gari limepata pancha. MC akaja kutuomba tujaze muda. Mwimbaji alikuwa ameshakwenda kula. Wakabaki besi, dramu, ridhimu na kijana. Wakaanzisha kitu cha polepole, hakina jina. Kijana akapiga mafungu mawili matatu ya kawaida, kisha akashika noti moja ya juu na kugeuka kuitazama ampu yake. Akasogea hatua moja. Nikaisikia inaanza. Unajua mluzi unavyoanza: spika inatikisa hewa, hewa inatikisa uzi, pikapu ya gitaa (si gari, Baba Mapacha) inausikia uzi na kuurudisha kwenye spika, duara linazunguka mpaka kitu kipige kelele. Kwa fundi hiyo ni ajali. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitufe. Akanitazama, akatikisa kichwa mara moja.

Nikauacha. Akasogea nusu hatua nyingine, karibu na viti vya mashangazi, na ile noti, bila yeye kugusa kitu, ikageuka. Ilipanda ikawa nyembamba, ndefu, kama filimbi ndani ya gitaa. Akaegemea nyuma kidogo, ikashuka. Akaegemea mbele, ikapanda tena. Alikuwa anapiga gitaa kwa mgongo na nyayo! Mama mmoja alikuwa na kijiko cha pilau kimesimama hewani. Mpiga dramu akaacha kila kitu akabaki na ukingo wa ngoma tu, tik, tik, na besi akamfuata. Sijui ilichukua dakika ngapi. Kisha honi zikalia nje na MC akadakia maiki.

Wiki iliyofuata, ukumbi mwingine, dari ya bati, nikamsubiri afanye tena. Akasogea vilevile, mluzi ukatoka mbaya, wa kuumiza meno. Akaukata kwa kiganja, akacheka, akaenda njia nyingine kabisa, noti fupifupi za chini, karibu dansi. Nilipomuuliza akasema kila ukumbi una mahali pake na huwezi kupajua mpaka ufike.

Usiku ule nikamtafuta Jimi Hendrix mwenyewe, yule mpiga gitaa la roki wa Marekani. Jina nilikuwa nalo, sauti sikuwa nayo. Alitumia mkono wa kushoto, gitaa la Stratocaster la mkono wa kulia amelipindua na kulifunga nyuzi upya. Kwenye tamasha la Woodstock, Marekani, alipanda jukwaani Jumatatu asubuhi, tarehe 18 Agosti 1969, tamasha lilitakiwa liwe limekwisha Jumapili, watu wengi wameshaondoka, na akapiga wimbo wa taifa la Marekani bila neno hata moja. Wimbo kila mtu anaujua. Anaanza nao sawasawa, kisha anafika kwenye mstari wa maroketi na mabomu na kuuacha wimbo, mluzi unapiga mbizi, ile fimbo ya kulegezea nyuzi anaikandamiza mpaka noti inaanguka kama kitu kilichotupwa kutoka angani, halafu anarudi kwenye wimbo pale alipouachia. Vita vya Vietnam vilikuwa vinaendelea, na yeye mwenyewe alipata kuwa askari wa miavuli. Wapo waliosema ameutukana wimbo. Alipoulizwa kwenye televisheni alijibu kwamba yeye aliuona mzuri.

Lakini rekodi ninayoirudia ni ya tarehe 1 Januari 1970, ukumbi wa Fillmore East, New York, wimbo wa "Machine Gun", yeye na Billy Cox kwenye besi na Buddy Miles kwenye dramu, dakika zaidi ya kumi na mbili. Solo inaanza kwa noti moja ya juu. Anaishika tu. Mara ya kwanza nilifikiri simu imeganda. Walipiga maonyesho manne kwa siku mbili, na rekodi za mengine zimetoka pia. Wimbo uleule, noti ile haipo mahali palepale.

Usidhani nimelishwa limbwata. Zipo rekodi za jukwaani za miaka ile ambazo mtu anapanda na kushuka ngazi zilezile dakika ishirini, na mpiga dramu naye anadai zake kumi. Hizo nazizima. Na kasi hainishtui, hata kijana nikimwona anakimbiza vidole namwambia nani kamfukuza.

Kuna moja ya kukuchekesha. Unakumbuka enzi za majenereta hapa Kigoma, saa mbili usiku umeme unashuka mpaka taa zinakuwa rangi ya chai? Yule Eddie Van Halen, mpiga gitaa la roki, alikuwa akifanya hivyo kwa makusudi. Kwao Marekani umeme ni volti 120. Aliweka transfoma ya kurekebishia akaishusha hadi kama 90 kabla haijaingia kwenye ampu, sauti ikawa nene na laini. Sisi tulikuwa nayo bure mtaa mzima na tukaishia kuunguza friji. La mke wangu lilikuwa la pili kuungua kwa mtaa wetu.

Sasa ampu ya mzee. Nitumie huku, kijana aipige kama ilivyo. Usiiwashe tena, kwanza. Waya wa umeme umetafunwa na panya, naona shaba kwenye picha ya kwanza. Huo nitaubadilisha, na nitaweka wa kuingia ardhini, maana sitaki kijana afe jukwaani. Zaidi ya hapo sigusi. Usifungue boksi la chuma la chini, umeme hukaa ndani ya kapasita hata ukishachomoa. Zile valvu za nyuma, zile taa za kioo, zing'oe zikiwa zimepoa, zivute wima, usizipinde, kila moja ifunge kwenye gazeti lake na uandike namba ya tundu ilikotoka. Koni ina mchaniko upande wa kushoto, picha ya pili. Mtu asikushauri utie gundi. Funga yote kwa lile godoro bovu la watoto, andika VIOO pande zote nne, na umpe mtu anayepanda treni, usiipeleke kwenye behewa la mizigo.

Mimi nimekuwekea ndoo ya mawese na migebuka mikavu. Asali unajua mwenyewe. Kijana hajui kama nimeandika barua hii, nilimwonyesha picha tu, na tangu jana ameshakuja mara tatu kuuliza treni inafika saa ngapi.

Wasalimie mapacha na mama yao.

Wako,
Fundi