Asante mama wa meza ya jirani, Houston

Jamani huyu mama jina lake silijui ila Mungu ambariki popote alipo. Kaniona nimeganda na menyu pale mgahawa wa Ninfa's mtaa wa Navigation, akahamia kabisa mezani kwangu kunielekeza, eti ukiona jibini ya njano imeyeyukia juu, nyama ya ng'ombe, chapati za ngano na bizari nyembamba ya kutosha basi hiyo ndo Tex-Mex yenyewe, mapishi ya Wameksiko wa Texas, usitegemee kuikuta hivyohivyo Oaxaca kule Meksiko. Akaniagizia fajita, nyama ya kuchoma ya vipande virefu, ndo iliyompa umaarufu Mama Ninfa, mwenye mgahawa aliyeanza hapo 1973 na meza 10 tu. Na ile sosi ya kijani, weee! Halafu bili kalipa kimyakimya, nimekuja kuambiwa na mhudumu keshaondoka. Mama, shikamoo na asante sana.