Pikapu za zamani zitunzwe kabla hazijaishia kwenye mizani ya chuma chakavu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie magari ambayo kwa miaka mingi yamebeba mizigo na watu wa nchi hii, lakini ambayo hayatajwi magazetini ila yanapopata ajali au yanapopigwa mnada. Nazungumzia pikapu za zamani: Peugeot 404 na 504, Datsun 1200, Land Rover 109, Toyota Hilux za miaka ya 1970 na 1980, na Land Cruiser zile tunazoziita mkonga. Sisi tunaozipenda ni wengi kuliko inavyodhaniwa, na kila tunapokutana, iwe gerejini au kwenye kaunta ya duka la spea, mazungumzo hayachukui muda kufika kwenye swali moja: ukijaliwa uwezo wa kumiliki pikapu moja tu ya zamani, utachagua ipi?

Vijana wengi hujibu kwa kutaja pikapu za Kimarekani walizoziona kwenye simu zao, hasa Ford F-100 za katikati ya miaka ya 1950 na Chevrolet 3100 zilizotengenezwa kati ya mwaka 1947 na 1955. Siwalaumu, kwa sababu anayezitazama mafenda yake ya duara na boneti yake iliyoinuka ataelewa mara moja kwa nini Wamarekani hutumia fedha nyingi kuzifufua. Hata hivyo, magari hayo hayakujengwa kwa ajili yetu: usukani uko kushoto ilhali sisi twaendesha upande wa kushoto wa barabara, injini za petroli za ukubwa ule zina kiu isiyovumilika kwa bei zetu za mafuta, na tairodi ikivunjika hapa Arusha hakuna muuza spea atakayekuelewa unachotafuta. Naamini ndoto iliyo bora ni ya gari ambalo barabara zetu zinalijua.

Nikijibu kwa upande wa moyo, chaguo langu ni pikapu ya Peugeot 404. Gia zake zilikuwa kwenye usukani, injini yake ya cc 1,618 ililazwa ubavu chini ya boneti, na mwendo wake juu ya barabara ya vumbi ulikuwa wa upole usiotarajiwa kwa gari la mizigo. Sifa ya 404 haikutokana na matangazo. Katika mashindano ya Safari Rally, yaliyokuwa yakipita Kenya, Uganda na kwetu, mwaka 1963 yalimaliza magari 7 tu, na mwaka 1968 yakamaliza tena 7 tu; mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiwa na Peugeot 404, na katikati yake, mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland, ambaye maskani yake yalikuwa Dar es Salaam, alishinda kwa gari la aina hiyohiyo. Ni kweli kwamba yale yalikuwa magari ya saluni, lakini mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro au mfanyabiashara wa Nairobi aliyeona saluni ikitoka salama kwenye tope lile hakuhitaji kushawishiwa zaidi aliponunua pikapu yake. Baada ya Rais Kenyatta kuziruhusu matatu mwaka 1973 zifanye kazi bila leseni ya usafirishaji, pikapu za 404 zilifungwa mabenchi na turubai zikawa miongoni mwa matatu zilizojulikana zaidi nchini Kenya. Dar es Salaam nayo, usafiri wa umma ulipodorora katika miaka ya 1980, ilibebwa kwa sehemu na pikapu za namna hiyo, abiria wakitazamana nyuma, na wakazi wa umri wangu bado wanazikumbuka kwa jina la chai maharage.

Datsun 1200 nitaitaja kwa kifupi, ingawa wapo watakaoninunia kwa hilo. Ilitoka mwaka 1971 ikiwa na injini ndogo ya cc 1,171, ikawa rafiki wa wenye maduka, na uimara wake unathibitishwa na Afrika Kusini, ambako iliendelea kutengenezwa kwa jina la Nissan 1400 hadi mwaka 2008.

Land Rover ni jambo jingine. Ilipoanza kuuzwa mwaka 1948, chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo nchini Uingereza baada ya vita, ndiyo maana bodi yake ikaundwa kwa aluminiamu, na ndiyo maana hadi leo unaweza kukuta pikapu ya 109 ambayo chesisi yake imeliwa na kutu huku mabati yake yakiwa mazima. Mabwana shamba, mapolisi, wamisionari na wakuu wa wilaya walifika vijijini kwa magari haya kabla barabara hazijafika. Aluminiamu hiyo iliyowafaa ndiyo inayoyaangamiza sasa, kwa kuwa hununuliwa kwa kilo, huyeyushwa na kumiminwa masufuria. Mtu anayeuza Land Rover kwa kilo nafahamu kuwa ana shida zake, na simhukumu. Nasikitika tu kwamba hakuna aliyemfikia mapema na kumpa bei ya gari.

Nikijibu kwa akili, ndoto yangu ni Land Cruiser pikapu yenye namba ya muundo HZJ75. Toyota iliitoa mwaka 1990 kwa kuweka injini ya 1HZ katika gari la familia ya 70 iliyokuwa imeanza mwaka 1984, na iliendelea hadi mwaka 1999 ilipopokewa na HZJ79. Injini hiyo ni ya dizeli, silinda 6 zilizopangwa kwa mstari mmoja, lita 4.2, haina tabo, na pampu yake ya dizeli haitegemei kompyuta yoyote. Gari lina springi za vyuma vilivyopangana mbele na nyuma, na ekseli zake ni nzima kutoka gurudumu hadi gurudumu. Maana yake kwa mwenye gari ni kwamba likikwama Loliondo au Mpanda, fundi mwenye spana, nyundo na subira anaweza kulifungua, kuliona tatizo kwa macho yake na kulirudisha barabarani, jambo ambalo pikapu nyingi mpya haziruhusu kabisa, kwani taa moja ya njano ikiwaka kwenye dashibodi safari inasimama hadi ipatikane mashine ya kulisoma gari. Nguvu zake ni farasi 130 hivi, ambazo si nyingi kwa gari zito namna ile, na anayependa mbio atafute kingine. Baadhi ya wenzangu huona Hilux za LN106 zinatosha kwa kazi zilezile kwa gharama ndogo ya mafuta, na katika hilo sina ubishi mkubwa nao, ila kwa tani moja ya mzigo kwenye mlima wa udongo sijaona inayoifikia 1HZ.

Hapa ndipo nilipo na hoja yangu, Mhariri. Mkonga za pikapu zinakatwa. Katika mji wetu wa Arusha, mafundi hodari huzichukua, hurefusha chesisi, huondoa kabini na karai la nyuma, kisha hujenga juu yake gari la watalii lenye paa la kuinuka. Kazi hiyo ni ya ustadi mkubwa, inalisha familia nyingi, na sitaki ikome. Lakini pikapu za HZJ79 zilizo mpya zaidi zipo na zinafaa zaidi kwa kazi hiyo, wakati kila HZJ75, au FJ45 ambayo ni Land Cruiser pikapu iliyoitangulia, inayokatwa haina ya kuchukua nafasi yake. Jirani zetu wa Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililotumika kwa zaidi ya miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na hapa kwetu ushuru wa uchakavu humkatisha tamaa anayetaka kuagiza la zamani. Zilizopo ndizo hizo. Marekani kwa upande wake inaruhusu gari lililotimiza miaka 25 liingie bila kutimiza masharti yao ya usalama ya magari mapya, na kwa kuwa pikapu ya HZJ75 haikuwahi kuuzwa huko, wapenzi wa magari wa nchi ile wanaitafuta kwa bidii kutoka nchi nyingine. Kile tunachokikata kwa msumeno wenzetu wanavuka bahari kukitafuta.

Najua lipo jibu la haki kwamba magari haya hutoa moshi, hayana mifuko ya hewa, na breki za baadhi yake ni za ngoma pande zote. Ni kweli, na kwa sababu hiyo sitetei yaendelee kubeba abiria wala kukimbizana na mabasi kwenye barabara kuu. Gari la miaka 40 linapaswa kukaguliwa kwa ukali kuliko jipya. Lakini moshi mweusi mara nyingi ni ushahidi wa nozeli zilizochoka na chujio la hewa lililosahauliwa, na pikapu iliyotunzwa, inayotembea shambani na siku za mapumziko, haina madhara yanayolingana na yale inayosingiziwa.

Kwa anayekusudia kununua, namsihi aanzie chini ya gari, asianzie kwenye rangi. Agonge chesisi kwa nyundo ndogo, hasa panaposhikwa springi za nyuma, kwa maana kutu iliyofunikwa kwa rangi nyeusi ndiyo mtego mkubwa wa magari yaliyokaa Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar. Alinganishe namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye kadi ya gari kabla ya kutoa hata shilingi, kwani injini nyingi zimebadilishwa bila kuandikishwa na kumsumbua mnunuzi baadaye. Akipata yenye 1HZ na hakuna anayejua mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, aubadilishe siku hiyohiyo, maana ukikatika utaharibu mengi zaidi ya bei yake. Na akishaipata, asiwe na haraka ya kutupa grili, nembo, vioo na viti vya asili hata vikiwa vimechakaa, kwa kuwa hivyo ndivyo vigumu kuvipata kuliko pistoni na ringi.

Nina ombi pia kwa wenye mamlaka. Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert yanahifadhi magari yaliyotumiwa na viongozi wetu, na ni jambo la kupongezwa. Ningependa kando yake iwekwe Land Rover ya bwana shamba na pikapu iliyokuwa chai maharage, ili mtoto anayepita pale aone pia gari lililombeba babu yake. Yadi za halmashauri nyingi bado zina pikapu zilizosimama kwenye majani zikisubiri mnada. Kabla hazijauzwa kwa kilo, ichaguliwe moja ya kila aina na kukabidhiwa vyuo vya VETA, ambako wanafunzi wa ufundi wa magari wangejifunza juu yake kurekebisha kabureta, kusawazisha valvu na kunyoosha bodi kwa mkono, na wakimaliza gari lirudi kuwa mali ya umma likiwa linatembea. Gharama kubwa katika mpango huo ni uamuzi wa kutouza, na uamuzi huo unaweza kufanywa kabla ya mnada ujao.

Mpenzi wa magari ya zamani,
Arusha