Salamu za Idd kutoka Tanga: tubaki na kimoja

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu, jamaa na majirani zangu wa Ngamiani, Makorora, Chumbageni na Mabokweni, na nyinyi watoto wa Tanga mliotawanyika Dar es Salaam, Mombasa, Muscat na kwingineko: Idd Mubarak. Taqabbala Llahu minna wa minkum. Mwenyezi Mungu azipokee funga zetu, visimamo vyetu na sadaka zetu, awape afya wagonjwa wetu, na awarehemu wale tuliofuturu nao mwaka jana na mwaka huu hatunao.

Leo ni siku ya kula na kufurahi, na kufunga ni haramu. Pilau ipo, tambi zipo, na watoto wanapita nyumba kwa nyumba na nguo zao mpya wakidai mkono wa Idd. Wapeni jamani, hata kama ni sarafu. Mtoto hasahau nani alimpa.

Nina neno moja tu: katika yale tuliyoyafanya Ramadhani, kila mmoja wetu abaki na kimoja kidogo. Mwezi huu tulipata utulivu ambao miezi mingine tunausikia kwa wengine. Saa kumi na moja jioni pale Raskazone watu walikaa wakitazama bahari na kisiwa cha Toten, hakuna aliyekuwa na haraka, kila mmoja na nafsi yake na uradi wake. Usiku wa manane mtu aliamka bila kushurutishwa, akala daku, akabaki macho mpaka alfajiri huku simu imelala. Hapo ndipo wengi tulijiuliza maswali ambayo mchana wa kawaida hauyapi nafasi: mama yangu nimemtembelea lini? Lile deni nalikwepa mpaka lini? Hii kazi nafanya kwa ajili ya nani?

Halafu mwezi unaandama, na kila mwaka yanatukuta yaleyale. Alfajiri ya Idd mosi safu zinafika barazani. Idd ikishapita, safu ya kwanza haijai. Mimi siamini kwamba ni uvivu. Naona tunataka kubeba Ramadhani nzima, tarawehe na juzuu moja ya Msahafu kila siku na sadaka na kuacha kusengenya, vyote kwa mpigo, na mzigo ukitushinda tunautua wote. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikwishatupa njia katika hadithi iliyopokewa na Bi Aisha: amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo.

Hebu tupige hesabu. Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604. Ramadhani tulisoma kurasa nne kila baada ya sala, tukapata juzuu kwa siku. Sasa chukua kurasa mbili tu, baada ya alfajiri, kabla hujagusa simu. Siku 302 umehitimisha, na Ramadhani nyingine haijaingia. Anayeona mbili nyingi achukue moja.

Hata waliochunguza mambo haya kwa njia zao wanaelekea hukohuko. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliojichagulia kila mmoja jambo moja dogo, mfano kula tunda wakati wa chakula cha mchana au kukimbia robo saa kabla ya chakula cha jioni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: kwa wastani ziliwachukua siku 66 mpaka jambo hilo lije lenyewe bila kujisukuma, wepesi siku 18, wazito mpaka 254. Na aliyeruka siku moja hakurudi mwanzo. Kwa hesabu hiyo sisi tuliofunga siku 29 au 30 tumeshakwenda karibu nusu ya njia. Kweli tusimame leo?

Angalia pia walivyolifunga jambo lao kwenye wakati maalumu. Sisi wakati tunao tayari, mara tano kwa siku tunaitwa. Ukisema "nitadhikiri nikipata nafasi", nafasi haitakuja. Ukisema "baada ya magharibi, kabla sijanyanyuka mkekani", imeshapatikana.

Mtaani kwetu kuna mama anauza vitumbua. Kila alfajiri, moto ukishakolea na kabla unga haujaingia kikaangoni, anatumbukiza sarafu ya shilingi mia mbili kwenye kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kifuniko. Biashara iwe nzuri, iwe mbaya, sarafu inaingia. Mwaka ukizunguka anapata zaidi ya elfu sabini, na zinanunua juzuu na mikeka ya watoto wa madrasa. Hajawahi kutangaza, wanaojua ni sisi tunaowahi vitumbua vya kwanza. Nikimtazama usoni naona mtu aliyetulia, na nadhani kopo lile lina mkono wake humo.

Na ule ukimya tusiuache. Mtume alikaa itikafu, yaani kujitenga msikitini kwa ibada, kumi la mwisho la kila Ramadhani, na mwaka aliofariki alikaa siku ishirini. Sisi wenye maduka, bodaboda na wagonjwa wa kuuguza hatuwezi kukaa hivyo kila mwezi, lakini robo saa barazani baada ya isha, peke yako, bila redio, inawezekana. Jiulize leo umemuumiza nani, umemfaa nani, na kesho utaanza na lipi. Sayyidna Umar alihimiza watu wajihesabu kabla hawajahesabiwa, na hesabu ya siku moja ni nyepesi kuliko ya mwaka.

Pa kuanzia papo: funga sita za Shawwal, mwezi huu unaofuata Ramadhani. Hadithi ya Abu Ayyub inasema aliyefunga Ramadhani akaifuatisha na sita hizo ni kama aliyefunga mwaka mzima, kwa kuwa jema moja hulipwa kumi. Unaweza kuziunganisha au kuzitawanya ndani ya mwezi, ukipenda Jumatatu na Alhamisi.

Mimi nazianza Alhamisi, inshallah. Jirani asiye na wa kufuturu naye aje kwetu. Uji wa pilipili manga na muhogo wa nazi vitakuwepo, na akina mama wanaolipa kadha zao, zile siku za Ramadhani zilizowapita, karibuni vilevile.