Ukungu wa London si ukungu wa Lushoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme neno kuhusu hadithi ya kipelelezi inayoendelea katika kurasa zako za Jumamosi, ile ya jasusi wa Kirusi na maiti iliyookotwa kando ya Mto Thames mwezi Desemba 1952. Nimeifuata tangu sehemu ya kwanza, na nyumbani kwangu gazeti likifika hugombewa kwa ajili yake. Mwandishi anajua kumweka msomaji roho juu. Tatizo langu ni ule ukungu alioutandaza mjini London, maana kwa macho yangu umetoka huku kwetu Lushoto.

Mimi nimekulia ndani ya ukungu. Wa kwetu hupanda kutoka bondeni alfajiri, mweupe, wenye baridi, ukinuka udongo na majani mabichi, na jua likishapata nguvu hujiondokea ukaacha matone kwenye migomba. Ukipita humo utalowa, lakini hutachafuka. Ule ulioushika mji wa London kuanzia Ijumaa tarehe 5 hadi Jumanne tarehe 9 Desemba 1952 ulikuwa moshi uliokosa pa kutokea. Hewa ya baridi ililala chini, hewa yenye joto ikakaa juu yake mithili ya kifuniko cha sufuria, upepo ukatulia kabisa, na chini ya kifuniko hicho mamilioni ya watu wakawa wanakoka makaa ya mawe sebuleni mwao, huku mitambo ya umeme ya Battersea na Bankside nayo ikifuka. Ulikuwa na rangi ya manjano iliyoingia weusi, ulinuka kiberiti, ulipenya chini ya milango, na mtu aliyetoka asubuhi na shati jeupe alirudi na kola nyeusi.

Hadithi inajiita ya baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, lakini vita yenyewe siioni zaidi ya makoti marefu ya wanajeshi. Ingeonekana katika makaa hayo. Uingereza ilitoka vitani ikiwa na madeni makubwa, ikawa inauza makaa yake bora nchi za nje ili ipate fedha, na wananchi wakabaki na chenga za bei rahisi zenye vumbi na moshi mwingi, ambazo serikali ilikuwa imeruhusu ziuzwe bila mgawo siku chache tu kabla ya ukungu kushuka. Shujaa wetu, kwa upande wake, anatia vijiko vitatu vya sukari katika kila kikombe cha chai. Sukari Uingereza ilikuwa ya mgawo hadi 1953, na sisi tuliopanga foleni ya sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980 tunajua kwamba mtu wa vijiko vitatu angekuwa wa kwanza kushukiwa ujasusi.

Katika sehemu ya nne anadandia tramu, ilhali tramu ya mwisho ya London ilikuwa imeegeshwa mwezi Julai mwaka uleule. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba anamtambua adui yake kwa kovu la shavuni, tena kutoka ng'ambo ya barabara, katika siku ambazo mahali pengine mtu hakuiona miguu yake mwenyewe. Makondakta walishuka wakatembea mbele ya mabasi na taa mkononi, kisha mabasi yakasimama kabisa, ikabaki reli ya chini ya ardhi. Katika ukumbi wa Sadler's Wells opera ilikatishwa kwa sababu moshi ulikuwa umeingia hadi ndani na watazamaji hawakuliona jukwaa.

Majasusi wa kweli wa miaka ile wala hawakuhitaji giza hilo. Klaus Fuchs, mwanafizikia aliyewapa Warusi siri za bomu la atomiki na kufungwa miaka 14 mnamo 1950, alikuwa akikutana na Mrusi aliyepokea siri hizo katika baa za London. Guy Burgess na Donald Maclean, wanadiplomasia Waingereza waliokuwa majasusi wa Urusi, walitoroka kwa meli kutoka Southampton usiku wa tarehe 25 Mei 1951, msimu wa maua, na makachero waliokuwa wakimwinda Maclean walikuwa na kawaida ya kumsindikiza hadi stesheni tu, kisha wakamwacha aende zake nyumbani kijijini. Pazia lao lilikuwa chuo kizuri na cheo serikalini.

Aliyefaidika na ukungu ule angekuwa muuaji. Watu wapatao 4,000 walihesabiwa kuwa wamekufa kwa sababu yake, na watafiti wa baadaye wamefikisha 12,000. Majeneza yaliadimika, na vifo vilivyoendelea wiki zilizofuata serikali ilivisingizia mafua. Tarehe 14 Desemba, siku tano tu baada ya anga kusafika, John Christie, aliyekuwa askari polisi wa akiba wakati wa vita, alimnyonga mkewe katika nyumba namba 10 ya Rillington Place na kumfukia chini ya mbao za sakafu. Hakuna aliyeshtuka hadi Machi 1953.

Sehemu iliyopita imeishia karani wa ubalozi akisubiriwa nyuma ya mlango, kwa hiyo maiti ya pili haiko mbali. Kama mwandishi hajaikamilisha, namwomba aiweke bastola kando, achukue mto wa kulalia, na marehemu apelekwe hospitali akalazwe katikati ya wazee waliokufa kwa kifua, ambako daktari asiyelala tangu Ijumaa ataandika "mkamba" kwenye cheti na kugeukia mwingine. Mpelelezi aanzie hapo, kwa muuguzi anayemvua nguo marehemu na kuona kwamba, katika wodi nzima, ni yeye peke yake mwenye kola nyeupe.

Mwalimu mstaafu,
Lushoto, Tanga.